Mtende Usiohesabiwa

Sfax, 9 Januari 1984

Kwa mdogo wangu Lazhar,

Salamu nyingi kwako, kwa mkeo Dalenda, na kwa kila aliyemo ndani ya nyumba ya Baba. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo hayapatani na baridi ya huku pwani. Nyinyi je? Kikohozi chako kimepungua, au bado unavuta sigara nyuma ya zizi ukidhani mkeo hajui?

Karatasi ya katibu, ya mgawo wa bustani, ilinifikia Alhamisi. Nimeisoma mara tatu, nikiwa nimevaa miwani. Nakukumbusha siku ya arubaini ya Baba, tulipokaa uani mimi na wewe. Nilikuambia sitaki tugawane mitende thelathini na mitatu kama wageni. Nilikuomba mmoja tu, unaozaa, ili kila mwaka uniletee kapu la tende zake na mimi niweze kusema kwamba nina mahali kwetu. Uliweka mkono kifuani ukasema, "Dada, chagua." Nikasema chagua wewe, mimi nakuamini.

Karatasi inasema hivi: mtende mmoja, kona ya mashariki, penye mfereji. Basi nimefumba macho nikatembea bustani nzima kwa mawazo. Naanzia langoni, napita ule mrefu wa Bibi, napita kisima, na kila nikifika penye mfereji nakuta mtende dume. Ule tuliokuwa tukifukuzwa chini yake kwa sababu unga wa maua yake ulitutia chafya.

Nimeondoka Degash miaka ishirini na miwili iliyopita, huenda nimechanganya pembe za bustani. Niambie kwamba nimekosea.

Dada yako,
Haniya


Degash, 2 Februari 1984

Dada yangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi huku wazima kabisa. Kikohozi kimekwisha. Sigara nimeacha, na Dalenda ameisoma sentensi hii juu ya bega langu akacheka kwa dharau.

Hujakosea, Dada. Ni dume. Lakini usinune kabla hujanisikiliza. Unajua mwenyewe kwamba tangu enzi za babu, watu wakigawana bustani huhesabu majike tu. Dume halihesabiwi. Linabaki pale pale kama lango, la kila mtu na si la mtu. Kwa hiyo nimekupa mti ambao hakuna atakayekugombania mpaka mwisho wa dunia. Halina mavuno, kwa hiyo halina usumbufu. Na wewe si mwalimu wa maua? Miaka yote unachora maua ubaoni, na huu mti kazi yake ni kutoa maua tu! Nilipowasimulia wenzangu mkahawani, jirani yetu Belgasim alicheka mpaka akamwaga chai kwenye kanzu.

Tende utapata kutoka kwangu, sanduku zima kila mwaka. Kwani kuna tofauti gani ikiwa zimetoka kwenye mti wako au wangu?

Usisahau kupaka magoti mafuta ya zeituni, yapashe moto kidogo kwanza.

Mdogo wako,
Lazhar


Degash, 13 Machi 1984

Dada yangu,

Salamu. Natumaini hujambo, ingawa mwezi mzima umepita bila neno lako. Dalenda anasema umekasirika. Mimi nasema una kazi nyingi za shule. Nani kati yetu amepatia?

Nina jambo dogo. Mitende imeanza kuchanua. Makarara ya majike, yale maganda ya maua, yanapasuka moja baada ya jingine, na la dume lako limevimba, kesho kutwa litafunguka. Nilichukua mundu na kamba nikakwea kama kila mwaka. Nilipofika juu, Belgasim akanipigia kelele kutoka chini, "We Lazhar! Una barua ya mwenye mti?" Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Aliona karatasi kwa katibu, jina lako liko pale. Na wewe unaijua desturi yetu: tende iliyoanguka chini huokotwa na yeyote, lakini chuma hakigusi mti wa mtu bila kauli ya mwenyewe.

Nikashuka. Watu wote wa mfereji walikuwa wamesimama wanatazama, na safari hii aliyechekwa ni mimi.

Basi nipe ruhusa, Dada. Mistari miwili inatosha. Ila fanya haraka, ua la mtende halina subira.

Mdogo wako,
Lazhar


Degash, 28 Machi 1984

Dada,

Salamu. Sijui kama barua yangu imekufikia. Nilikwenda posta kila siku mpaka yule bwana wa dirishani akawa ananitikisia kichwa kabla sijafungua mdomo.

Karara limepasuka na unga unapeperuka bure. Asubuhi mfereji mzima ulikuwa mweupe juu ya maji. Nimekwea mara mbili na kushuka mara mbili. Wengine wananiambia kata tu, dada yako yuko Sfax, ataona nini. Lakini nimemzika Baba kwa mikono hii, na yeye ndiye aliyenifundisha lile neno la chuma na mti wa mtu. Sikuweza.

Nimekwenda Tozeur sokoni nikanunua vichala vya dume kutoka kwa mtu nisiyemjua. Vilikuwa vimefungwa kwenye nailoni, vina unyevu, vinanuka kama mkate uliolala. Nimeyaozesha majike kwa unga wake hivyo hivyo kwa sababu majirani wote walishamaliza vyao. Mungu ndiye ajuaye.

Lazhar


Sfax, 14 Aprili 1984

Kwa mdogo wangu Lazhar,

Salamu kwako na kwa Dalenda. Mimi mzima.

Barua zako zote mbili nimezipata. Shule ilikuwa na mitihani. Unaruhusiwa kukata maua ya mtende wangu kwa ajili ya bustani ya Baba.

Haniya


Degash, 11 Novemba 1984

Dada Haniya,

Amani iwe juu yako. Sijaandika tangu Aprili kwa sababu sikuwa na neno zuri la kuandika.

Ruhusa yako ilifika majike yote yameshafunga. Niliisoma nimesimama posta, nikaikunja, nikaenda kumwagilia vitunguu.

Sasa tumemaliza kuvuna, kama inaweza kuitwa kuvuna. Kwenye mitende kumi na miwili tu nimepata tende za kweli. Ishirini na mmoja iliyobaki imetoa hiki kilichomo kwenye kitambaa ninachokutumia. Vijitunda vitatu vitatu, vimebanana kwenye kikonyo kimoja, vidogo kama zeituni changa, havina kokwa, havina utamu. Punda nilimpa, akanusa akageuza uso. Bustani nzima ya Baba, Dada! Mti wa Bibi, ambao haujawahi kumwangusha mtu, umetoa hivi. Hata ule mche Baba alioupanda kando ya kisima mwaka wa msiba wa Mama, nilitarajia ungenipa ua la kwanza mwaka huu linipoze roho. Haukutoa kitu.

Siandiki kukulaumu. Soko lilinidanganya, na haraka yangu pia. Lakini wewe ni mwalimu wa maua. Mimi nimezaliwa chini ya mitende na nimeozesha tangu nina miaka kumi na minne, na hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini vinatoka vitatu. Niambie wewe.

Sanduku la tende nililokuahidi halipo.

Lazhar


Sfax, 25 Novemba 1984

Mdogo wangu Lazhar,

Salamu, na samahani kwa mwandiko. Si ugonjwa. Ni kwamba nimeianza barua hii mara nne.

Nilikifungua kitambaa chako juu ya meza ya darasa watoto wakiwa wameshakwenda nyumbani. Ubaoni lilikuwapo bado ua nililochora asubuhi, lile ninalochora kila mwaka. Chini sepali, nguo ya kijani inayolifunika ua kabla halijafunguka. Kisha petali. Kisha stameni, vijiti vyenye unga kichwani, ndiyo chavua. Katikati pistili, chini yake ovari, mahali pa mbegu. Watoto hunakili, na mimi huwaambia kwamba ua kamili ni hilo, lina vyote vinne. Miaka kumi na tisa nafundisha hivyo, mimi mtoto wa Degash, na sijawahi hata siku moja kuwachorea ua la kwetu.

Safari hii nilifuta ubao nikajichorea mwenyewe, kwa kukumbuka na kwa kitabu cha chuo. Ua la mtende ni dogo kama punje ya ngano, na lile la jike ndani yake lina vyumba vitatu vya mbegu vilivyokaa mgongo kwa mgongo. Chavua ikifika, chumba kimoja kinashika mimba, na viwili vinajitoa, vinakauka na kuanguka. Ndiyo maana tende hutoka moja. Chavua isipofika, hakuna anayempisha mwenzake. Vyote vitatu vinakua kidogo kidogo, vinabanana, na hakuna kinachokuwa tende. Hivyo ndivyo ulivyoniletea, Lazhar. Ni maua yaliyongoja mpaka yakachoka.

Kuna kingine nilichokisahau tangu chuoni, nikakiona tena kitabuni. Ukilichukua ua la jike ukalitazama kwa kioo cha kukuzia, pembeni mwake kuna vivimbe sita, vidogo mno. Ni mahali pa stameni ambazo hazikuota. Na ua la dume lina stameni zake sita, lakini katikati pana alama tatu za vyumba vya mbegu ambavyo havikujengwa. Kila mmoja amebaki na alama ya kile alichokosa. Nilipolisoma hilo nililia, na sijui kama nililia kwa sababu ya ua.

Sasa nisikilize, maana hiki ndicho kilichonifanya niianze barua mara nne. Shule haikuwa na mitihani. Barua yako ya kwanza ya kuomba ruhusa ilinifikia tarehe kumi na saba Machi. Usiku ule ule niliandika ruhusa, nikabandika stempu. Kisha nikaitia kwenye mtoto wa meza nikaufunga. Wewe ulisema ua halina subira. Mimi nilijua hata siku zake: wiki moja, wakati mwingine pungufu. Niliangalia kalenda, Lazhar. Niliihesabu kila siku iliyopita, na kila siku nilijiambia, wacha acheke tena mkahawani. Nilipohakikisha kwamba imechelewa ndipo nikaipeleka posta.

Nilitaka uumie wewe. Sikuufikiria mti wa Bibi. Wala sikumfikiria Dalenda na majira yake ya baridi bila akiba. Mwalimu wa maua nimeua maua kwa makusudi.

Na lingine, kwa kuwa nimeshaanza. Siku ile uani nilikuomba mtende mmoja kwa sababu niliona haya kukuomba haki yangu. Nilidhani ukiniona nimeomba kidogo utanipa kwa moyo. Ulinipa kidogo kuliko nilichoomba, na ukawachekesha watu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nataka tu uujue ukweli.

Dada yako,
Haniya


Degash, 20 Februari 1985

Dada,

Salamu. Tuko wazima. Wewe hali yako?

Nimekaa na barua yako karibu miezi mitatu. Wiki ya kwanza niliapa kwamba sitakuandikia tena maisha yangu yote. Nilimwambia Dalenda, "Huyu si dada, huyu ni nzige." Dalenda alikuwa anakanda unga, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Na wewe uliyempa mti usiozaa ni nani? Soma ukurasa wa mwisho tena, kwa sauti." Nikausoma kwa sauti. Ni vigumu, Dada, kuyasoma kwa sauti maneno ambayo mtu amekuandikia kwa haki.

Basi na mimi niseme yangu. Sikukupa dume kwa sababu ya desturi. Nilikupa kwa sababu Baba, siku zake za mwisho, alikuwa akikuita wewe. Mimi ndiye niliyemgeuza kitandani, mimi niliyemlisha uji wa shayiri, na yeye akifumbua macho anauliza, "Haniya amefika?" Kila siku. Nilikasirika na sikuwa na pa kuweka hasira yangu, nikaiweka kwenye karatasi ya katibu. Kicheko cha mkahawani kilikuwa cha hasira hiyo hiyo, lakini nilicheka, na watu walicheka nami, na hilo siwezi kulirudisha.

Jumatatu nilikwenda kwa katibu. Mitende kumi na mmoja sasa iko kwa jina lako, kama Mungu alivyoandika fungu la binti, kuanzia mti wa Bibi mpaka kisimani. Nilimwambia katibu aandike majina ya miti, si pembe tu. Alilalamika kwamba wino unaisha. Dume pia limebaki lako, kwa sababu sasa nimejifunza kulihesabu.

Makarara yataanza wiki tatu zijazo. Naomba ruhusa mapema mwaka huu, mimi mdogo wako, kabla Belgasim hajakusanya watu.

Lazhar


Sfax, 27 Februari 1985

Lazhar wangu,

Salamu zako zimefika, na mimi mzima kuliko nilivyokuwa tangu msiba.

Kata. Kata yote, yanayotosha kwa mitende yetu, na yatakayobaki mpe Belgasim na yeyote mwingine wa mfereji asiyekuwa na dume, bila bei, kama Baba alivyokuwa akifanya. Mwambie Belgasim hii ndiyo barua ya mwenye mti, aibandike ukutani akitaka. Anika vichala kivulini siku moja kabla ya kuozesha, usivifunge kwenye nailoni.

Kuhusu Baba, sikujua kwamba alikuwa akiniita. Uliniandikia kwamba ana homa tu, na mimi nikangoja likizo. Niliwahi mazishi tu. Nilidhani wewe ndiye uliyekuwa na bahati ya kuwa naye. Kumbe kila mmoja alikuwa akimwonea mwenzake wivu.

Mwambie Dalenda nampenda, na kwamba nimemshonea shali.

Dada yako


Degash, 23 Machi 1985

Dada yangu,

Salamu kutoka kwa mtu aliyejaa unga mpaka kwenye nyusi.

Tumemaliza. Dume lako limetoa makarara kumi na tisa, na watu wa mfereji walipanga foleni asubuhi na vikapu vyao. Belgasim alibusu karatasi yako mbele ya watu, yule mnafiki. Mitende thelathini na mitatu yote imeozeshwa, kila kichala nimekitia vijiti vitatu vya dume, vimeangalia chini kama Baba alivyofundisha, nikafunga kwa ukuti. Kabla ya kufunga cha mwisho nilichukua ua moja nikalitazama kwa kioo cha dukani. Nimeviona vile vivimbe sita. Nimemwonyesha Dalenda naye akaviona.

Sasa kuna jambo. Ule mche wa kando ya kisima umetoa karara. Moja tu, chini kabisa, halifiki hata kifuani, hakuna haja ya kukwea. Jana mchana limepasuka. Unajua desturi: ua la kwanza la mtende mchanga huozeshwa na mwenyewe kwa mkono wake, la sivyo mti unamkosa mtu wake. Na mche huu katibu hakuuandika, kwa sababu siku tulipogawana ulikuwa hauzai, hauhesabiwi.

Baba aliupanda wiki ile uliyokuja kumzika Mama. Nilimuuliza ni wa nani. Alikuwa amepiga magoti anashindilia udongo, akasema, "Wa huyo anayekuja na kuondoka." Nilijifanya sikusikia, miaka tisa yote hii.

Nimelifunika ua kwa kitambaa cheupe, nyuki wasilichezee. Kichala kimoja cha dume nimekitundika kivulini, kikavu, kinanukia vizuri. Sitaligusa. Mwaka jana ua la mti wa Bibi lilingoja neno lako bila kulipata, nalo halikuwa na kosa. Hili nalo litangoja siku zake, zikipita zitapita, na sitakulaumu. Najua shule, najua magoti.

Ila nimefagia chumba chako.

Mdogo wako,
Lazhar


SIMU YA MAANDISHI
Sfax, 27 Machi 1985, saa 2:10 asubuhi

LAZHAR DEGASH
BARUA ITACHELEWA. NAKUJA MWENYEWE.
DADA